Beringi ya nyuma inavuma na waranti imeisha? Weka nyundo chini kwanza

Mkuu mleta mada, weka nyundo chini. Nilisoma vizuri mpaka pale uliposema "fundi anakuja kesho, anagonga mpya, nusu saa kazi imeisha." Mwili ulinisisimka. Hiyo nusu saa mimi naijua, ilinichukua miezi mitano.

Kwa waliochelewa: jamaa ana pikipiki ya miezi 14, waranti ilikuwa ya mwaka 1, na beringi za gurudumu la nyuma zinavuma akiwa na kilomita 11,000 tu. Anauliza anunue beringi gani, aongeze grisi au aache, kama cheni ndiyo chanzo, na kama aliyemuuzia anaweza kuchangia gharama. Maswali manne. Mimi nina jibu moja na nimelilipia: usigonge beringi mpya kabla hujajua ya zamani imeuawa na nini.

Yangu ilianza hivyo hivyo, mvumo mdogo nikadhani ni tairi. Muuaji nilikuwa mimi mwenyewe, nakiri mbele ya wadau. Kila wiki naosha kwa mashine ya presha, na mdomo wa maji naulenga palepale katikati ya gurudumu ambapo mafuta ya cheni hujirundika. Sili, yaani kifuniko cha mpira cha beringi, huzuia vumbi na maji ya kurukia, si maji yanayosukumwa kwa nguvu ile. Yakishapenya hayatoki, grisi inageuka rangi ya maziwa, kutu inafuata. Lakini pikipiki iling'aa! Hata siku imelala gereji watu waliisifu.

Mpaka hapo hasara ni ndogo, beringi yenyewe si kitu cha kukutoa jasho. Hasara kubwa niliiita kwa simu yangu mwenyewe, ikaja na mfuko wa spana.

Fundi aling'oa za zamani, akazitupa kichakani. Akachukua mpya, akaweka tindo juu ya ringi ya ndani, akaanza kuchapa. Ringi ya ndani jamani! Beringi ni ringi mbili, ya ndani na ya nje, na gololi katikati yake; ya gurudumu inabana kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa ringi ya nje. Ukigonga ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, na kila gololi inaacha kishimo kwenye njia yake. Inatoka kwenye pakiti nzima, inaingia kwenye gurudumu mgonjwa. Nikamuuliza mbona unagonga hapo? Akajibu, "Bosi, kazi hii naifanya tangu wewe hujajua baiskeli." Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa ule unyamavu kuliko hata zile nyundo.

Na hilo bado si lenyewe. Lenyewe ni kibomba.

Ndani ya habu, kati ya beringi ya kulia na ya kushoto, kuna bushi ndefu, kipande cha bomba la chuma ambamo ekseli inapita. Hukioni mpaka beringi moja itoke. Kesho yake nilikikuta kwenye beseni la petroli, kimeoshwa safi kabisa, kimesahauliwa. Nikampigia. Akaniambia hicho wanaweka kiwandani tu, hakina kazi. Nami mtu mzima mwenye akili zangu nikakubali, nikakitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Chekeni tu, ningekuwa nyinyi ningecheka pia.

Kazi yake ni hii. Ukikaza nati ya ekseli, unabana ringi za ndani za beringi zote mbili. Kibomba kikiwepo, bushi fupi za nje ya beringi, ringi za ndani na kibomba vinakuwa kama nguzo moja ngumu, nguvu inapita humo na gololi zinabaki huru. Kikikosekana, ringi za ndani zinasukumwa kuelekea katikati huku za nje zimezuiwa na ukingo wa habu. Gololi zinapanda ubavuni mwa njia yake, zinasaga, zinachemka. Dalili yake ya kwanza ni kwamba ukikaza nati gurudumu linakuwa zito kuzungusha kwa mkono. Langu lilikuwa zito. Fundi akalegeza nati kidogo "lipumue". Nati ya ekseli! Nikaendesha hivyo, na sijui nani aliniombea.

Beringi hizo hazikumaliza kilomita 800. Mara ya tatu nikarudisha kibomba kutoka mlangoni, nikajiona nimekuwa mhandisi. Nimechelewa. Zile za pili zilipokuwa zinakwama, ringi ya nje ilikuwa imeanza kuzunguka ndani ya habu na kula aluminiamu, kwa hiyo mpya iliingia kwa kidole gumba. Beringi ikiingia kwa kidole gumba, simama hapo hapo, mkuu. Fundi mwingine (ndiyo, nilibadilisha fundi, sikubadilisha akili) akapiga vitone vya senta panchi (msumari wa chuma wa kutia alama) pembeni ili beringi ibane, akazungushia na kipande cha kopo. Wiki 2. Habu ikatoboka umbo la yai, ekseli ikachimbika, beringi ya kwenye kibebeo cha sproketi (gia ya nyuma inayovutwa na cheni) nayo ikaondoka. Hapo ndipo nikanunua habu, ekseli, beringi zote, sili, na kumlipa mtu wa kufuma spoki upya. Kwa hela ile ningejaza ndoo ya beringi.

Sasa waranti. Mwanzoni nilimpigia aliyeniuzia, kijana wa mapokezi akasema "imeisha, fanya unavyotaka." Nami nikafanya nilivyotaka, si mmeona? Baadaye, nikiwa na habu yangu ya yai mkononi, msimamizi wake akanieleza kuwa waranti ikiwa imepita kidogo na kitabu cha sevisi kimejaa, huwa wanaweza kuomba kiwanda kichangie. Hawalazimiki, lakini huomba. Akauliza beringi za kwanza ziko wapi. Kichakani. Akageuza habu, akaona alama za tindo, akauliza nani alifungua gurudumu hili. Mazungumzo yakaishia hapo. Kijana yule angesema sentensi moja tu, "lete tulione kabla hujafungua," leo nisingekuwa naandika haya. Kwa hiyo wewe piga simu, omba wakague, na wakiandike walichokiona pamoja na kilomita. Wakikataa, nao waandike.

Ikishatolewa, beringi iliyokufa inasomeka. Grisi ya maziwa au kutu ni maji. Vishimo vilivyoachana sawasawa kwenye njia ya gololi ni nyundo. Ringi ya nje imeng'aa kwa nje kama imepigwa msasa, hiyo ilizunguka ndani ya habu, usiweke mpya kabla ya kupeleka habu kwa fundi wa kukereza au kuibadilisha. Njia imelika ubavu mmoja, uliza habari za kibomba: kipo, au kuna mjanja alikikata? Rangi ya bluu ni moto. Ukikuta imeuawa na nyundo na gurudumu halijawahi kufunguliwa na mtu wako, hapo una la kuongea na aliyekuuzia.

Aina gani ununue? Soma namba kwenye ya zamani. Ikiandikwa 6301 ni tundu la mm 12, nje mm 37, unene mm 12. 2RS ni sili za mpira pande mbili, ZZ ni vifuniko vya bati, kwenye gurudumu chukua mpira. Grisi imo ndani tayari, usizifumue. Kuingiza, habu ipashwe moto kidogo, soketi ya spana ya kugongea ikae kwenye ringi ya nje tu. Ya kwanza izame mpaka mwisho, tumbukiza KIBOMBA, halafu ya pili ifike mpaka ikiguse, isikibane.

Kulikuwa na swali jingine, la cheni nadhani, limenitoka. Zikitolewa kesho tuwekee picha ya njia ya gololi hapa, na usizioshe kabla ya kupiga.