Tarumbeta na meno ya bandia: Chet Baker alirudije?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa hapa Moshi. Mwaka jana nilianguka na bodaboda, meno manne ya mbele ya juu yakatoka. Nimewekewa ya bandia, yale ya kuvua, lakini nikipuliza yanacheza na sauti inakatika. Nasikia Chet Baker, yule mpiga jazz wa Marekani, yalimkuta hayo akarudi jukwaani. Alifanyaje? Na je, ninunue mdomo wa tarumbeta ulio mpana zaidi?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa ajali.

Yalimkuta, tena mazito kuliko yako. Mwaka 1966 huko California alivamiwa akapigwa mdomoni. Heroini ilikuwa imeshamharibia meno kabla ya hapo, na mwishowe akaishia kuvaa bandia za juu. Mtu aliyekuwa nyota miaka ya 1950 akawa, kwa maelezo yake mwenyewe, anajaza magari petroli. Akaanza methadoni, dawa ileile wanayopewa waraibu pale Muhimbili, na mwaka 1973 Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mwenzake maarufu, akamsaidia kupata nafasi katika klabu ya Half Note, New York. Novemba 1974 alikuwa jukwaani Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki wa New York, na mpiga saksafoni Gerry Mulligan. (Wanaosimulia habari hii kama ushindi mtupu huruka kipande kimoja: heroini aliirudia, na hakuachana nayo hadi alipofariki Amsterdam mwaka 1988.)

Sasa ufundi. Sauti inatokana na midomo kutetema. Meno ni ukuta wa kuiegemeza tu. Ukuta wako umekaa juu ya ufizi. Ukilisukuma tarumbeta usoni, bandia inabanduka kwa nyuma, midomo inakosa egemeo, sauti inakatika. Hapo wengi huongeza nguvu ya mkono, na ndipo wanapoharibu kabisa.

Baker aliokolewa na namna yake ya kupiga. Tangu ujana hakuwa mtu wa noti za juu. Alipiga polepole, sauti za katikati, tarumbeta karibu na maikrofoni. Mpigaji wa kutafuta noti za juu kwa kukandamiza asingerudi kwa njia ile.

Kwa hiyo jifunze kutokandamiza. Lilaze tarumbeta juu ya kiganja cha kushoto bila kulikamata, usogeze midomo, kisha utoe ile sol ya katikati isiyobonyezwa valvu, kwa sauti ndogo, mpaka pumzi iishe. Isipotoka, usilivute tarumbeta. Ongeza pumzi na ubane pembe za mdomo. Dakika chache, pumzika muda uleule, rudia. Noti za juu zisubiri miezi. Ukimaliza jitazame kwenye kioo: duara jekundu likikaa muda mrefu mdomoni, bado unasukuma.

Halafu rudi kwa daktari wa meno, na uende na tarumbeta lako, upulize mbele yake. Baada ya meno kung'oka ufizi husinyaa, hivyo bandia iliyokaa vizuri mwanzoni hulegea. Inaweza kujazwa ndani ikae upya. Mpelekee pia picha ya zamani unayocheka, aone meno yako yalivyojipanga. Uwezo ukiruhusu, muulize kuhusu meno ya kudumu yanayofungwa kwenye mfupa: hayo hayachezi.

Mdomo mpya usinunue sasa. Ukibadilisha meno na mdomo kwa pamoja, hutajua kipi kinakusumbua.