Maswali yenu: Wagiriki na Waitaliano wa Melbourne

Makala iliyopita ilihusu Melbourne, mji wa Australia uliopokea Wagiriki na Waitaliano wengi baada ya Vita Kuu ya Pili. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechagua haya.

Eti Melbourne ni mji wa tatu wa Kigiriki duniani, baada ya Athens na Thessaloniki. Kweli au majigambo? (Msomaji, Tanga)

Majigambo, ila yana chembe ya ukweli. Wakazi wa Melbourne wanaojitaja kuwa na asili ya Ugiriki wanazidi laki moja na nusu, idadi inayokaribiana na ya Patras, mji wa tatu wa Ugiriki yenyewe. Ila humo ameingizwa hata mjukuu ambaye Kigiriki chake kinaishia kwenye majina ya vyakula. Ukihesabu waliozaliwa Ugiriki tu, idadi inaporomoka, maana waliokuja na meli miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee, na wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Walikwenda wenyewe au walichukuliwa? (Msomaji, Kigoma)

Wenyewe, kwa masharti. Australia ilihitaji watu wa viwandani na kwenye ujenzi, ikasaini mkataba na Italia mwaka 1951 na Ugiriki mwaka 1952: unasaidiwa nauli, nawe unafanya kazi miaka miwili popote utakapopangiwa. Wengi walipitia kambi ya Bonegilla, kaskazini mwa jimbo la Victoria. Kazi zilipokauka mwaka 1952, Waitaliano waliandamana humo humo kambini. Na usisahau kwamba wao walikuwa chaguo la pili baada ya Waingereza. Mwafrika au Mwasia alifungiwa mlango kabisa. Sera hiyo ilizikwa rasmi mwaka 1973.

Mimi ni barista. Nimefundishwa kwamba Waitaliano ndio walioifunza Melbourne kunywa kahawa. (Msomaji, Nairobi)

Kahawa ilikuwako tangu karne ya 19. Walichokileta ni mashine ya espreso na ile tabia ya kusimama kaunta, unakunywa upesi huku unapiga soga. Pellegrini's ya Bourke Street ilifunguliwa mwaka 1954 na ipo hadi leo. Wakati huo baa za Victoria zilifungwa saa 12 jioni kwa sheria, na hali ikabaki hivyo mpaka 1966, kwa hiyo mtu aliyetaka pa kukaa usiku aliishia kwenye kahawa.

Wagiriki husahauliwa katika hadithi hii. Walikuwa na migahawa na maduka ya samaki nchini humo miongo kadhaa kabla ya hapo, lakini waliuza nyama ya kukaanga na mayai, kwa kuwa mteja wa Kiingereza hakutaka kusikia harufu ya kitunguu saumu. Chakula chao wenyewe walikula jikoni, nyuma. Kwangu hilo linaeleza mengi kuliko sifa zote za espreso.

Natokea Uvira, naishi Dandenong, pembezoni mwa Melbourne. Watoto nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Wagiriki waliwezaje?

Mama, swali lako ndilo zito kuliko yote. Tazama sensa ya 2021. Waaustralia wenye asili ya Italia walizidi milioni moja. Wenye asili ya Ugiriki, laki nne na ushee. Ungetegemea Kiitaliano kiongoze kwa mbali, lakini wanaozungumza lugha hizo nyumbani walikaribia kulingana, kama laki mbili na elfu thelathini kila upande, Kigiriki kikiwa mbele kidogo. Mwaka 2001 Kiitaliano kilikuwa na zaidi ya laki tatu na nusu.

Naona sababu mbili. Waitaliano waliingia katika Kanisa Katoliki ambalo tayari lilikuwa mikononi mwa Waairishi, wakahubiriwa kwa Kiingereza. Wagiriki walikuwa na kanisa lao la Kiorthodoksi, na ibada ikabaki kwa Kigiriki. Halafu Mkalabria wa kusini mwa Italia na Mveneto wa kaskazini, nyumbani walisema lugha za kwao. Kiitaliano sanifu kilikuwa cha shuleni, na mtoto akakosa lugha moja ya kushika.

Wagiriki pia walijipanga mapema. Jumuiya yao ya Melbourne ilianzishwa mwaka 1897, na hadi leo inaendesha shule za Kigiriki baada ya masomo na Jumamosi. Gazeti lao, Neos Kosmos, linatoka tangu 1957. Kuhusu redio, mwaka 1975 serikali ilianzisha kituo cha 3EA ili kuwaeleza wahamiaji bima mpya ya afya kwa lugha zao. Mpango huo ndio uliokuja kuzaa SBS, shirika la utangazaji la lugha nyingi, ambalo leo lina matangazo ya Kiswahili.

Wasikilize, lakini redio haitakulelea mtoto. Changeni mpate chumba cha Jumamosi na mwalimu wa kulipwa. Wa kujitolea huchoka kabla mwaka haujaisha.

Kocha Ange Postecoglou ni zao la Wagiriki hao? (Msomaji, Mombasa)

Ndiye. Alizaliwa Athens mwaka 1965, akaletwa Melbourne mdogo, akachezea South Melbourne Hellas, klabu iliyoundwa na Wagiriki mwaka 1959. Alibeba ubingwa wa Australia mwaka 1991 akiwa nahodha, kisha 1998 na 1999 akiwa kocha. Januari 2000 akaipeleka Brazil kwenye Kombe la Dunia la Klabu, kundi moja na Manchester United. Waitaliano nao walikuwa na Juventus yao, mabingwa wa 1985.

Miaka ya 1990 wakubwa wa soka walivilazimisha vilabu kufuta majina na nembo za asili zao, na ligi mpya ya 2005 ikaanza bila wao. Kwa hiyo kocha aliyeipa Tottenham kombe la Europa mwaka 2025 alipikwa na klabu ambayo ligi kuu ya nchi yake haikuitaka.

Nitapita Melbourne siku moja tu. Niende wapi? (Msomaji, Muscat)

Lygon Street, mtaa wa Waitaliano, pitia asubuhi. Siku hizi inawinda watalii, lakini Museo Italiano iko hapo karibu. Lonsdale Street ya Wagiriki imebakiwa na maduka machache. Jioni panda treni hadi Oakleigh, kitongoji cha Wagiriki, tembea Eaton Mall, uagize loukoumades. Mtu wa pwani atajua mara moja kuwa ni kalimati. Tofauti ni kwamba wao humwagia asali na mdalasini.