Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kupima Kizingiti

Juma hili nimepitia kumbukumbu za mazoezi za vijana watatu ninaoendesha nao baiskeli, nikakuta wote wameuchukua wastani wa wati wa jaribio la dakika 20 na kuuandika kuwa ndio kizingiti chao, yaani wati nyingi kabisa ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa takriban saa nzima, bila kuondoa hata wati moja. Nimesikitika, maana kosa hilo nililifanya kabla yenu na gharama yake naijua.

1. Ondoeni asilimia 5 ya wastani huo, na kabla ya jaribio kanyageni dakika 5 kwa nguvu zote ili ile nguvu ya muda mfupi isije ikawadanganya. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nililianza jaribio nikiwa nimepumzika siku mbili, nikapata wastani wa wati 280, nikaishikilia namba hiyo kwa miezi miwili, ilhali kizingiti chenyewe kilikuwa karibu na 250. Safari za taratibu, ambazo hazipaswi kuvuka asilimia 75 ya kizingiti, nilizifanya kwa wati 210 nikiamini kwamba nimo ndani ya mpaka, kumbe nilikuwa kwenye asilimia 84. Siku ya kupumzisha miguu ikageuka siku ya kazi. Na siku ya kazi yenyewe, ya vipindi viwili vya kukanyaga kwa wati za kizingiti, dakika 20 kila kimoja, nilikwama dakika ya 11 ya kipindi cha kwanza. Nikadhani nimekosa moyo, nikaongeza mazoezi. Usingizi ukapungua, mapigo ya moyo ya alfajiri yakapanda, na milima niliyoizoea ikaanza kunishinda. Kocha mmoja aliniuliza jambo moja tu: je, katika safari zako za taratibu unaweza kusema sentensi nzima bila kuhema? Sikuweza. Nilipima upya kwa utaratibu unaotakiwa, nikaikubali 250 kwa uchungu mkubwa, na baada ya majuma sita nikavimaliza vipindi vyote viwili pasipo kushusha wati.

2. Refusheni muda kabla ya kuongeza wati: vipindi vitatu vya dakika 10, kisha vya 12, kisha vya 15, ndipo mguse namba.

3. Safari ikizidi dakika 90, kuleni wanga gramu 60 kwa saa, na mwanze kabla njaa haijafika.

4. Juma la nne ni la kupunguza mazoezi. Nalirudia hili kila mwezi, na bado mmoja wenu juzi ameongeza saa tatu katika juma hilo kwa sababu alijisikia mwepesi. Mwanangu, wepesi huo ndio tuliokuwa tukiutafuta. Misuli hujijenga unapopumzika, na ulichokifanya ni kuuchoma kabla ya Jumanne, siku ya vipindi. Kesho usiiguse baiskeli, nakuomba.