Majani Yana Matundu: Nani Kala?

Chini ya majani ya pilipili zangu pamejaa vidudu vya kijani, na sisimizi wanapanda na kushuka. Niwaue sisimizi?

Sisimizi hawali pilipili zako. Hao wa kijani ni vidukari: hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, nayo ndiyo sisimizi wanayoyafuata. Huwachunga kama mfugaji na ng'ombe wake, wakiwafukuza wadudu wanaotaka kuwala.

Anza na maji. Wapige vidukari kwa maji ya nguvu. Wengi wakidondoka hawarudi tena juu. Waliobaki, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, ujaribu kwenye jani moja, kesho yake unyunyize mmea mzima jioni. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, na ikishakauka haina kazi. Kwa hiyo geuza jani: anayenyunyiza juu tu anaosha majani. Na ukimwona mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, weka bomba chini kwanza. Huyo hula vidukari kwa makumi kila siku, tena bure.

Jirani ananishauri nichemshe tumbaku ninyunyizie nyanya. Si ni dawa ya asili?

Ya asili, naam, na ni sumu vilevile. Nikotini, sumu iliyo ndani ya tumbaku, hupenya kwenye ngozi yako wewe unayenyunyiza, na huua wadudu adui na rafiki bila kuchagua. Isitoshe, nyanya na tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja, na tumbaku iliyokaushwa inaweza kubeba virusi vya batobato, ugonjwa wa kutia majani mabaka, vikahamia kwenye nyanya. Hata mvuta sigara anapaswa kunawa kwa sabuni kabla ya kushika miche. Mshukuru jirani, ushauri wake uuache.

Nilinyunyiza mwarobaini jana, leo viwavi bado wazima. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa, una haraka. Mwarobaini hauangushi kiwavi papo hapo. Humkatisha hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba akakua. Usihesabu viwavi walio hai, tazama kama majani machanga yanaendelea kutobolewa. Jua huuvunja nguvu haraka, hivyo nyunyiza jioni, urudie baada ya wiki. Mbegu zilizotwangwa zina nguvu kuliko majani.

Miche yangu naikuta asubuhi imelala chini, imekatwa kama kwa kisu.

Ni sota, kiwavi anayejificha udongoni na kukata miche usiku. Fukua udongo taratibu kando ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja kama pete. Mche mpya uvishe kola ya karatasi ngumu, sentimita 3 ziwe ndani ya udongo na 5 juu.

Majivu yanazuia konokono?

Yakiwa makavu. Yakilowa, konokono anapita juu yake. Mimi hutoka usiku na tochi na ndoo, nikawaokota mmoja mmoja.