Taa zikikonyeza, usianze na taa

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea niliitwa kwenye ofisi ndogo pale Mwanjelwa, Mbeya: vyumba viwili, korido, na taa sita za LED za kuchomeka kwenye holda. Mwenye ofisi, mama wa makamo, aliniambia sentensi moja tu: "Mwanangu, taa zangu zinakonyeza kama zina jambo." Nikamjibu kwa majivuno ya cheti kibichi kwamba balbu za siku hizi ni feki. Nikaenda dukani, nikanunua sita, nikapanda ngazi, nikabadilisha zote. Zikatulia. Nikalipwa, nikaondoka nikipiga mluzi.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikaita. Nikarudi, nikakaa saa nzima nimeinua kichwa kama anayesubiri embe lidondoke. Hazikukonyeza hata mara moja. Nikaaga. Sijafika Kabwe, simu tena.

Mara ya tatu ndipo dada wa mapokezi aliponionea huruma. "Kaka, mbona huwa zinaanza mashine ya kopi ikianza kupata moto?" Alikuwa analijua hilo tangu siku ya kwanza. Sikumuuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyetoka chuo cha ufundi VETA juzi na begi la vifaa bado linang'aa, ukifika kwenye ofisi ya namna hiyo acha ngazi nje. Uliza kwanza: zinakonyeza lini? Asubuhi au jioni? Kukiwa na upepo? Birika likiwashwa? Zote kwa pamoja au moja tu? Na kwa jirani je? Tangu lini, na wiki hiyo nani aliingia humu na bisibisi? Muulize anayeshinda humo kutwa: mhudumu, mlinzi, dada wa mapokezi. Bosi mara nyingi hajui, yeye anaona taa akipita.

Majibu ya maswali hayo yanakuchorea ramani kabla hujagusa waya. Taa moja ikikonyeza peke yake, tatizo liko kwenye taa hiyo, holda yake, swichi yake au kiungo kilicho juu yake kwenye dari. Hapo hamisha balbu iende kwenye holda ya jirani. Tabia ikihama nayo, balbu ndiyo mgonjwa, ikibaki palepale, fungua holda. Kazi ya dakika tano, sina la kuongeza.

Zikikonyeza taa zote za saketi moja, yaani kundi linalolishwa na breka moja, huku saketi nyingine zimetulia, tafuta kwenye breka ya saketi hiyo, nyutro yake (waya unaorudisha umeme), na kiungo cha kwanza baada ya boksi la breka. Zikikonyeza zote za jengo zima, panda juu zaidi: meni swichi (swichi kuu ya jengo), nyaya za kutoka kwenye mita, waya unaotoka nguzoni. Na mtaa mzima ukikonyeza pamoja nanyi, rudisha bisibisi mfukoni. Ukiwa Mafinga, huenda ni mashine ya mbao inaanza kuzunguka; ukiwa karibu na mashine ya kukoboa mpunga, ni yale yale. Mota kubwa ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishachanganya, na laini yote inayumba kwa sekunde mbili tatu.

Sasa turudi Mwanjelwa, maana pale ndipo penye somo. Taa za yule mama zilikuwa na breka yake, soketi zina breka yake. Mashine ya kopi imechomekwa kwenye soketi. Jiulize: mashine iliyo kwenye saketi moja inawezaje kuzitikisa taa zilizo kwenye saketi nyingine? Zinakutania wapi? Hazikutani darini, wala ukutani. Zinakutania pale tu ambapo umeme wa wote hupita: meni swichi, kile kipande cha shaba ambacho nyutro zote hufungwa, na kila kilicho nyuma yake hadi nguzoni. Kwa mantiki hiyo peke yake nilikuwa nimeshaiondoa dari nzima kwenye msako. Ningeiwaza siku ya kwanza, zile balbu sita nisingezinunua.

Mantiki haitoshi, pima. Chukua maltimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, pima kati ya waya wa moto na nyutro kwenye taa wakati mashine imezimwa. Tuseme unapata volti 231. Mwambie dada awashe mashine, usome tena. Kisha fanya hivyohivyo kwenye boksi la breka. Ikiwa boksini volti hazishuki lakini kwenye taa zinashuka, ubovu uko katikati. Zikishuka kote kwa kiasi kilekile, ubovu uko nyuma ya boksi. Unasogea hatua kwa hatua kuelekea mita, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta palipobomoka.

Kushuka kidogo ni kawaida. Juni na Julai baridi ya huku inapobana, ofisi nyingi huleta hita ya wati 2,000, ambayo kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Kwenye waya wa shaba wa mbili na nusu (milimita za mraba) wenye urefu wa mita 20, hiyo inakula kama volti 3. Kwenye waya wa moja na nusu, ambao mafundi wabahili huupitisha hata kwenye soketi, inakula volti 5. Taa nzuri haitaliona hilo. Lakini ukiona volti 15 au 20 zinapotea, tena hazipotei kwa kiasi kimoja bali namba inarukaruka kwenye kioo cha maltimita, hapo kuna kiungo kilicholegea.

Kiungo kilicholegea hakina tabia moja. Dakika hii kina ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa nusu omu, dakika ijayo omu tano. Rola ya ndani ya mashine ya kopi hupashwa moto kwa vipindi, inavuta kama ampea 4, inaacha, inavuta. Ampea 4 zikipita kwenye omu tano, volti 20 zimekwenda. Na haziendi bure, zinageuka joto: wati 80 ndani ya skrubu yenye ukubwa wa punje ya hindi. Hivyo ndivyo maboksi ya umeme huanza kunuka usiku wakati hakuna mtu. Taa inayokonyeza imekuja kukupa taarifa ya moto, na wewe unataka kumbadilisha mtoa taarifa.

Nilichokikuta kwenye meni swichi ya yule mama kilinifanya nicheke na kusikitika. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameingiza nyutro kuu kwenye tundu lake bila kuimenya vya kutosha. Skrubu ilikuwa imebana plastiki, siyo shaba. Shaba ilikuwa inagusa kwa pembeni tu, imeshapiga weusi. Nikakata kipande kilichoungua, nikamenya upya, nikakaza, nikauvuta waya kwa nguvu kuhakikisha. Kazi ya dakika kumi, baada ya safari tatu.

Unapofanya hivyo, kuzima breka ndogo hakutoshi. Breka hizi za ofisini hukata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeungana na wenzake. Zima meni swichi inayokata nyaya zote mbili, kisha pima kwa maltimita. Na maltimita yenyewe ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, isije ikawa betri imekufa nawe unaamini sifuri yake. Bisibisi ya tesita, ile yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, usiiamini kwenye suala la nyutro. Nyutro ikikatika huku swichi ya taa imewashwa, tesita huwaka pande zote mbili za holda, kwa sababu umeme unapita kwenye taa na kuja kusimama kwenye waya ambao wewe unaudhania hauna kitu. Wapo waliorushwa ngazini na "nyutro".

Jambo la rangi pia limewachanganya wengi. Majengo ya zamani ya Uhindini au katikati ya Iringa utakuta nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Nyaya za siku hizi kahawia ni moto na bluu ni nyutro. Kwenye fezi tatu (umeme wa nyaya tatu za moto) za zamani bluu ilikuwa fezi, na kwenye fezi tatu mpya nyeusi ndiyo fezi! Jengo likishaongezwa chumba mara mbili, utakuta rangi zote kwenye boksi moja. Usisome rangi, pima.

Nimegusa fezi tatu kwa sababu kuna dalili moja ambayo ukiiona usiulize maswali, kimbilia meni swichi. Ni pale baadhi ya taa zinapofifia huku nyingine zinazidi kung'aa kuliko kawaida. Nilikutana nayo Iringa, Mlandege, kwenye jengo la ofisi kadhaa lililounganishwa fezi tatu. Upande mmoja walikuwa wananung'unika kwamba taa zimekuwa hafifu, upande wa pili wanafurahi ofisi imekuwa nyeupe. Ile ni nyutro kuu inakatika. Nyutro ya pamoja ikiondoka, fezi mbili zinabaki zinavutana kupitia vifaa vya watu, na kati yao kuna volti 400. Upande wenye mzigo mdogo, yaani wenye taa chache na kompyuta mbili, ndio unaobebeshwa sehemu kubwa ya volti hizo. Nilizima jengo lote bila kumwomba mtu ruhusa. Walinitukana kidogo. Printa moja ilikuwa imeshatoa moshi.

Ukifuatilia ubovu ukakufikisha kwenye mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla), simama. Ile lakiri siyo ya kwako kuikata, hata kama unaona waya unacheza. Mwenye ofisi apige simu TANESCO, na wewe umwandikie kwenye karatasi ulichopima ili akisome vizuri. Hivyo hivyo taa zinazokonyeza kukiwa na upepo tu, hasa baada ya mvua za Novemba hadi Aprili: mara nyingi ni kiungo cha nguzoni, waya ukipepea kinaachia. Nguzo siyo mwembe, usipande. Na kama bado huna leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, fanya kazi hizi chini ya mwenye nayo.

Mengine ni madogomadogo. Mteja akikwambia taa zinakonyeza zikiwa zimezimwa, usimwone mchawi wala usimpeleke kwa mchungaji. Tazama swichi: kama ina kile kitaa chekundu kidogo cha kuonyesha ilipo, umeme mdogo unapenya kwenye hicho kitaa, unajaza kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) ya ndani ya taa ya LED taratibu, ikijaa inatema mwanga, inaanza upya. Weka swichi ya kawaida. Kama swichi haina kitaa, angalia isije ikawa inakata nyutro badala ya waya wa moto. Kosa hilo ni la hatari, lirekebishe hata kama mteja hakulipii.

Tyubulaiti za LED zilizochomekwa kwenye fremu za zamani zina mambo yake. Choki (kidhibiti umeme) na stata (kiwashio) zilikuwa za tyubu za gesi. Tyubu nyingi za LED huja na stata yake bandia ndani ya boksi, nayo ndiyo inayotakiwa kuwekwa; fundi mwenye haraka huitupa na kuacha ile ya zamani, taa inacheza disko. Soma mchoro ulio kwenye tyubu, kwa sababu nyingine hupokea umeme upande mmoja, nyingine pande mbili. Fremu yenye choki ya elektroniki iondoe choki kabisa kama mchoro haujaitaja. Swichi za kupunguza mwanga nazo nyingi zilitengenezwa kwa balbu za nyuzi zenye wati nyingi. LED tatu za wati 7 hazifikishi mzigo inaoutaka. Mimi huwa naziondoa tu.

Na yupo mteja atakayekuonyesha video ya simu yenye mistari inayopita kwenye taa, ilhali kwa macho hamwoni kitu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa yenye draiva (kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme) ya bei rahisi hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na kamera inalinasa. Balbu ya nyuzi ilikuwa inabaki na moto kidogo kati ya mawimbi. LED haina subira hiyo, inategemea kapasita ya draiva kuiziba. Hapo kweli lawama ni ya taa. Mshauri anunue nyingine yenye draiva nzuri, na mjaribu dukani kwa simu hiyohiyo kabla ya kulipa. Wenye maduka hawapendi, lakini watazoea.

Yule mama wa Mwanjelwa, nilipomaliza kukaza ile nyutro, dada aliwasha mashine ya kopi na birika kwa pamoja. Tukatazama juu wote watatu. Kimya. Mama akafungua droo ya meza, akatoa mfuko wenye zile balbu sita nilizomwambia ni feki.

"Na hizi mwanangu, zilikuwa na kosa gani?"

Nikapanda ngazi, nikazirudisha moja moja. Zile mpya nikaondoka nazo, na pesa yake nikamwachia mezani.