Kwa nini jeti za mafunzo kwanza: jibu la fundi mstaafu, Mtwara

Mdau wa Masasi kauliza kwa nini hela iende kwenye jeti za mafunzo wakati ng'ambo ya Ruvuma kule Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hakujatulia, si bora zinunuliwe za kivita moja kwa moja. Mdogo wangu, mi nimekuwa fundi wa ndege jeshini miaka mingi, sasa hivi nipo Mtwara na mikorosho yangu, kambi sitaji na mambo ya ndani msiniulize.

Ndege ya kivita ukimfundishia mtu unaimaliza. Injini ina saa zake za kuruka, na inahesabiwa pia imewashwa mara ngapi, zikitimia inashushwa ikafunguliwe, mara nyingi nje ya nchi na kwa dola. Sasa umpe kijana aliyetoka kwenye pangaboi juzi, anatua, anagusa, anapaa tena, anazunguka anarudi, mchana kutwa, saa zimeliwa na vita hajafundishwa bado! Ndo maana ipo jeti ya kati, viti viwili, mwalimu kakaa nyuma, mafuta kidogo na makosa inavumilia. Hawk ya Uingereza, L-39 ya Wacheki, K-8 waliyounda China na Pakistani ambayo hata sisi tunayo.

Za kisasa ndo balaa. M-346 ya Italia, ambayo Nigeria wameagiza 24, inamwekea mwanafunzi adui kwenye skrini wakati angani hayupo mtu. Marekani wenyewe wamefundishia jeti yao ya mafunzo T-38 tangu 1961, mwaka 2018 wakawapa Boeing kazi ya kuunda mpya, T-7, maana rubani aliyezoea ndege ya kizamani ukimpeleka kwenye F-35, ndege ya kivita iliyojaa skrini, anaanza moja.

Ila nyie mnahesabu ndege zilizonunuliwa, sisi mafundi tunahesabu zinazoweza kuruka Jumatatu asubuhi. Muulize Mzimbabwe, alikuwa na Hawk nzuri tu, mwaka 2000 Uingereza ikaacha kumuuzia silaha na vipuri, baadaye akahamia K-8. Kununua jeti bila mkataba wa spea ni kama kununua bomba la kupulizia mikorosho halafu salfa huna. Na spea siyo tairi tu jamani, kile kiti kinachomrusha rubani nje kina baruti ndani na baruti ina tarehe ya kuisha, ikipita ndege inakaa chini hata kama injini mpya kabisa, na mi nimeziona zimepangwa hivyo, safi, zimefunikwa, haziendi popote, wanafunzi wanapiga stori kivulini.

Na yule aliyesema zije hapa kwetu kwa vile uwanja wa ndege wa Mtwara umerefushwa hadi mita 2,800, sawa, urefu upo. Lakini hii hewa ya bahari mnaijua inavyokula mabati, injini ya jeti inavuta chumvi hiyo hiyo, lazima ioshwe kwa maji safi kila mara na ndege ilale kwenye hanga, yaani banda la ndege, halafu joto la Desemba hapa linapunguza nguvu ya injini inahitaji ranwei ndefu kupaa. Hanga, maji, mafundi wa kukaa huku na familia zao, hiyo bajeti sijaona mtu kaiweka kwenye huu mjadala, kila mtu anataja mizinga na makombora tu.