Mashine pepe ya Linux juu ya hotspoti ya simu: kwa wanaoanza Mtwara na Lindi

Video nyingi za kufundisha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya laptopu kwa programu kama VirtualBox) zimetengenezwa na mtu mwenye ruta sebuleni na waya umechomekwa nyuma ya kompyuta. Mtu huyo anakwambia bila kusita: nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua Bridged Adapter, basi. Wewe uko Shangani au Chikongola, bando liko kwenye simu, laptopu imeshika hotspoti ya simu hiyohiyo. Unachagua Bridged, mashine inawaka vizuri, inakuomba jina na nywila, unaingia, halafu intaneti hakuna. Wengi wanaonijia na laptopu kwapani wakisema "kaka, Linux imegoma", Linux yao ni nzima kabisa. Tatizo liko nje yake, kwenye kadi ya mtandao waliyoipa.

Bridged inaifanya mashine pepe ionekane mtandaoni kama kompyuta nyingine kamili, yenye anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao. Kwenye waya hakuna anayejali. Kwenye Wi-Fi mambo hubadilika, kwa sababu kifaa kinachogawa mtandao kinaitambua laptopu iliyojiunga, na mara nyingi kinatupa fremu (vipande vya data) za MAC ambayo haikujiunga. VirtualBox hujaribu kulizunguka hilo kwa kubadilisha MAC njiani, na ndiyo maana leo itakubali na kesho itakataa. Hotspoti ya simu inaongeza shida nyingine. iPhone inagawa anwani za 172.20.10 zenye nafasi 14 tu. Simu nyingi za zamani za Android zilikuwa zinatoa 192.168.43, na nyingi za sasa hubadilisha namba zake. Sasa chukua kijana aliyeandika anwani ya kudumu 192.168.43.50 akiwa amejiunga na simu ya mwenzake. Siku akirudi likizo Newala na simu nyingine mkononi, anwani ile haina maana tena. Mashine haijaguswa, lakini mtandao iliopangiwa haupo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza huku kwetu ni kuipa kila mashine kadi mbili. Ya kwanza iwe NAT, ya pili iwe Host-only. Kwa NAT, mashine inajificha nyuma ya laptopu: laptopu ikipata intaneti, iwe ya simu, ya chuo au ya ofisini, mashine nayo inapata, na simu haijui kama kuna kompyuta ya pili. Host-only ni mtandao wa ndani ya laptopu yenyewe, na kwenye VirtualBox kwa kawaida ni 192.168.56, laptopu ikishika 192.168.56.1. Huo hautegemei bando wala mnara. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima, aliyekuwa na mtandao wa ndani aliendelea kujifunza SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao) na seva za wavuti bila hata kilobaiti moja kutoka nje.

Usishtuke ukiona mashine zako zote mbili zina 10.0.2.15 kwenye kadi ya NAT. VirtualBox inaipa kila mashine chumba chake peke yake, na namba hiyohiyo inajirudia. Maana yake ni kwamba hazitaonana kwa njia hiyo. Zikihitaji kuzungumza, zipitie kadi ya pili.

Hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu ukiongeza kadi ya pili baada ya kusakinisha Ubuntu Server (aina ya Linux ya seva), mfumo unaiona lakini hauiwashi. Andika `ip a`. Utakuta enp0s3 ina anwani, na enp0s8 iko pale imeandikwa DOWN. (Kwenye VMware utakutana na majina kama ens33, usinakili jina kutoka kwenye video, soma la kwako.) Ubuntu Server hutumia Netplan kupanga mtandao, na faili zake ziko /etc/netplan. Fungua lililopo, kadi ya pili uiongeze chini ya ile ya kwanza:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.56.20/24]
```

Nafasi za mwanzo wa mstari ndizo sarufi ya faili hili. Tumia kitufe cha nafasi, usiguse Tab. Kisha andika `sudo netplan try`, si `apply`. Hiyo ya kwanza inaweka mabadiliko kwa sekunde 120, na usipothibitisha inarudisha ya zamani. Siku utakayokuwa unarekebisha seva iliyoko Masasi na wewe uko Mtwara mjini, sekunde hizo zitakuokolea nauli.

Angalia kitu kimoja ambacho sijakiandika kwenye enp0s8: lango (gateway), yaani njia ya kutokea nje. Kuna kishawishi kikubwa cha kuweka 192.168.56.1 kama lango kwa sababu video zote zinaweka lango. Ukiliweka, andika `ip r` uone: utakuta mistari miwili inayoanza na "default". Linux sasa ina njia mbili za kutokea, na moja inaishia ukutani. Dalili yake ni intaneti kukosekana ingawa kadi zote zina anwani. Mstari wa "default" unatakiwa uwe mmoja, na upite 10.0.2.2.

Mtandao ukikataa, panda kutoka chini, na usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Kwanza `ip a`: kadi ina mstari wa "inet" wenye anwani? Kama kuna "inet6 fe80" peke yake, DHCP (huduma inayogawa anwani) haikujibu, au kadi haijaandikwa kwenye Netplan, au kwenye mipangilio ya VirtualBox alama ya "Cable Connected" imetolewa. Halafu `ip r`. Halafu `ping 1.1.1.1`. Hiyo ikijibu, lakini `ping ubuntu.com` inakwambia "Temporary failure in name resolution", intaneti unayo, ulichokosa ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. `resolvectl status` itakuonyesha seva ya majina inayotumika kwa kila kadi. Kijana anayefuta mashine nzima na kusakinisha upya kwa sababu ya DNS nimemwona mara nyingi kuliko ninavyopenda, na kila akifanya hivyo anaunguza bando.

Ping nayo isikudanganye. Kutoka ndani ya mashine ukiipigia 192.168.56.1 ukakosa jibu, huenda Windows imezuia ping tu. Jaribu upande wa pili: kutoka Windows piga 192.168.56.20. Ikijibu, njia iko salama, endelea na kazi.

Kwenye SSH, soma ujumbe neno kwa neno. "Connection refused" ni habari njema kwa kiasi: umefika kwenye mashine, imekujibu, ila hakuna programu inayosikiliza mlango (port) 22, ule wa SSH. Andika `sudo ss -tlnp` uone kinachosikiliza; mara nyingi openssh-server haijasakinishwa. "Connection timed out" ni habari tofauti: ombi limepotea njiani, anwani si sahihi au ukuta wa moto (firewall) umelimeza, kwa hiyo tazama `sudo ufw status`. Na ukikutana na lile tangazo la herufi kubwa, "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED", usikimbilie kudhani umedukuliwa. Kama umefuta mashine ya zamani na kuunda nyingine kwa anwani ileile, funguo zimebadilika. `ssh-keygen -R 192.168.56.20` inaondoa kumbukumbu ya zamani. Kama hujaunda mashine mpya na tangazo limetokea kwenye seva ya kazini, hapo simama, uliza kwanza.

Nakala za mashine zina kisa chao. Ukinakili mashine moja ili upate tatu, dirisha la VirtualBox linakuuliza sera ya anwani za MAC. Chagua kutengeneza mpya kwa kadi zote. Hata hivyo Ubuntu ina kitambulisho kingine, /etc/machine-id, na DHCP ya Netplan hukitumia kujitambulisha. Nakala zote zikibaki nacho sawa, seva ya DHCP inaweza kuzipa anwani moja, zikaanza kunyang'anyana. Kwenye nakala andika `sudo truncate -s 0 /etc/machine-id`, kisha iwashe upya, itajitengenezea kipya. Kama umepanga anwani za kudumu, basi kumbuka tu kubadilisha ile 20 kwenye kila nakala.

Saa pia inasumbua, na dalili yake inafanana na ya mtandao. Umeisimamisha mashine kwa "Save state", ukaifungua kesho yake, `apt update` (amri ya kusasisha orodha ya programu) ikasema faili "is not valid yet" au tovuti zote za https zikakataa cheti. Tazama `timedatectl`. Kama saa imebaki jana, acha iunganishwe na mtandao ijisawazishe, au iwashe upya.

Mkiwa darasa zima kwenye chumba kimoja na bando ni la mmoja, sakinisheni apt-cacher-ng kwenye mashine moja. Hii ndiyo hali inayostahili Bridged, ila mtafute ruta ndogo na waya, si hotspoti. Programu hiyo husikiliza mlango 3142 na kuhifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa. Kwenye mashine za wengine, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, tengenezeni faili lenye mstari mmoja, `Acquire::http::Proxy "http://ANWANI:3142";`, mkiweka anwani ya mashine ile badala ya neno ANWANI. Wa kwanza kusasisha ndiye atakayetumia megabaiti. Wa pili na kuendelea watachukua kutoka kwake, kwa kasi ya waya.